Eti "vaeni soksi mbili"!!! Dari imeanguka, maji magotini, jamaa anatuambia soksi mbili

Wakuu, nimetoka kazini sasa hivi, vidole bado vimekufa ganzi ila hili silali nalo. Yule bwana wa majengo, mnamjua, yule wa funguo hamsini kiunoni, leo kasimama mbele ya ofisi nzima maji yanamwagika toka darini akasema VAENI SOKSI MBILI KILA MGUU.

Soksi mbili! Mafaili yanaelea, dada wa mapokezi anatetemeka mpaka pete inagonga meza, na yeye kavaa buti la manyoya mpaka gotini.

Tangu majani yako mitini tunamwambia boila, ule mtambo wa kupasha maji ya hita, linakohoa, ita fundi sasa hivi kabla kila mtu hajamtafuta. Tukamwambia lile bomba la darini liko uchi, livishe sponji. Bado mapema, anajibu. Ijumaa kazima hita zote eti anabana matumizi, wikiendi nzima nje chini ya sifuri. Maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9, bomba gani linavumilia hapo? Likapasuka, barafu yenyewe ikaliziba, leo hita zimewashwa barafu ikayeyuka, yote juu ya meza yangu. Angeziacha zinawaka kidogo tu tusingefika huku. Na chumvi ya kumwaga ngazini iyeyushe barafu kaifungia stoo, ufunguo anao yeye, watu wanateleza kama wako kwenye sabuni.

Halafu soksi mbili. Na kwa taarifa yake, ukijaza soksi mbili kwenye kiatu kinachobana damu haipiti vizuri, mguu ndo unazidi kuganda!

Kandili: Pole mkuu. Wa kwetu alituambia tupande ngazi mbio mbio tupate joto. Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo tulishapanda.

Mtu wa Ghala: Ofisini mnadeka sana. Sisi mlango wa kupakulia uko wazi saa nane nzima, upepo unapita kama umelipa kodi, na hatujafungua uzi. Maji magotini kwenye ofisi ya ghorofani? Punguza chumvi.

Mleta uzi: Chumvi si ameifungia stoo! Soksi MBILI wakuu, mtu mzima huyu.

Nyuzi16: Uingereza mwongozo wa kazini unasema ofisi isishuke chini ya nyuzi 16, kazi za nguvu 13. Leta kipimajoto, piga picha kila asubuhi, mpelekee kwa maandishi.

Kandili: Ila msije mkaingiza hita za gesi ndani mkafunga madirisha, ile kaboni monoksidi haina harufu, mnalala mnaondoka.

Bibi Blanketi: Kwetu kila mtu kaja na hita yake, zote sita kwenye ekstensheni moja, plagi imeyeyuka. Na bado yupo mmoja anafungua dirisha eti anakosa hewa.

Mtu wa Ghala: Wafungua madirisha ndo adui namba moja.

Hewa Safi: Mimi ndo nafungua. Watu kumi na tano mnakoholeana kwenye chumba kilichofungwa, nisifungue?

Bibi Blanketi: Kumbe ni wewe!! Fungua la kwako basi, si la mgongoni kwangu.

Mleta uzi: Jamani, soksi...

Hewa Safi: Dakika tano tu dada, tano.

Bibi Blanketi: Jana ilikuwa nusu saa, nilihesabu.