Naomba ushauri: udongo mweupe unabanduka kwenye mwanasesere wa katsina

Wakuu, naombeni msaada. Ni mwanasesere wa katsina, yaani roho katika imani ya Wahopi, wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, wa mtindo wa zamani: mzizi mkavu wa cottonwood (aina ya mti wa mpopla), kaolini, yaani huo udongo mweupe, juu yake, kisha rangi za mawe yaliyosagwa. Mzizi huo hunyonya unyevu, hutanuka na kusinyaa. Udongo haufuati, ndiyo maana shingoni umeinuka magamba. Maji siyathubutu, yataondoka na rangi. Vanishi ndiyo kabisa, inatia giza na mng'ao usiokuwapo. Nafikiria gundi nyepesi, tone moja moja chini ya gamba kwa brashi namba 0. Gundi gani haiachi doa?

Na unyoya uliokatika kichwani: wa tai hauuziki kisheria Marekani, na wachongaji wa sasa huuchonga kwa mbao. Niweke wa mbao au niache pengo?