Tupeane uzoefu: ulipimwaje kama kweli unaelewa Kiingereza unachokisoma?

Mwalimu wa Jioni (Arusha)

Habari zenu wanajamvi. Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Arusha, darasa la jioni, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Wanafunzi wangu ni madereva wa watalii, wapagazi wa mlimani, akina mama wawili wenye duka la vitenge, fundi cherehani, na mlinzi mmoja anayekuja na sare yake kwa sababu akitoka darasani anaingia lindo moja kwa moja. Wengi waliishia darasa la saba, yaani walisoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu kama mengine.

Wiki iliyopita niliwapa mtihani wa ufahamu. Kifungu cha nusu ukurasa kuhusu dereva aliyepata pancha akiwa na wageni njiani kwenda Ngorongoro, na maswali 10 chini yake. Maswali kwa Kiingereza, majibu kwa Kiingereza. Dereva wangu mmoja, mzee wa miaka 52, akapata 4. Binti anayefanya kazi mapokezi akapata 9. Niliporudisha karatasi, yule mzee aliikunja ya kwake mara nne akaitia mfukoni bila kuitazama tena. Roho iliniuma, maana ndiye anayewahi darasani kuliko wote.

Wenzake walipotoka nikamwambia, "Mzee wangu, hebu nisimulie kwa Kiswahili kilichompata yule dereva." Akanisimulia mwanzo mpaka mwisho. Kwamba tairi la spea halikuwa na upepo, kwamba jeki ilizama kwenye tope, kwamba mgeni mmoja alikuwa na hofu ya kukosa ndege. Akaongeza kuwa yule dereva alikosea kuwaacha wageni washuke upande wa barabara. Hilo sikuliuliza popote, lakini limo kwenye kifungu. Kesho yake nikamwomba binti naye anisimulie. Akanyamaza. Hakujua kama gari lilipona au halikupona.

Sasa alipataje 9? Someni sentensi hii niliyoitunga: "Vibwenzo vitatu vilizumbika mzangaroni kwa sababu ya mpwelo." Vibwenzo vingapi vilizumbika? Vitatu. Vilizumbika wapi? Mzangaroni. Kwa nini? Kwa sababu ya mpwelo. Umepata 3 kwa 3 na hakuna ulichoelewa, maana hayo si maneno ya lugha yoyote. Ngeli na mpangilio wa sentensi vimekubeba. Binti alifanya vivyo hivyo kwa Kiingereza: analichukua neno la kwenye swali, analitafuta kwenye kifungu, ananakili sentensi nzima. Mzee kaelewa, ila kuandika jibu ndiko kulikomshinda. Mtihani wangu ulipima kunakili na kuandika, mimi nikauita ufahamu.

Nimekuwa nikiwapima watu hivi kwa miaka 6. Naomba tupeane uzoefu. Kama ulijifunza Kiingereza ukubwani, au ulifanya mtihani wa kwenda nje, walikupimaje kusoma? Na walimu wenzangu, ninyi mnafanyaje?

Nesi wa Kilifi

Mwalimu, huu uzi umenigusa. Mimi ni muuguzi, Mkenya, sasa niko Uingereza. Nimesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na ripoti za wagonjwa niliandika kwa Kiingereza kila zamu. Lakini IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kwenda nje, sehemu ya kusoma ilinikwamisha mara mbili. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 katika kusoma, mimi napata 6.5.

Kwa wasioujua: ni vifungu vitatu virefu, maswali 40, dakika 60, na ukifanya kwa karatasi muda wa kuhamishia majibu umo humo humo kwenye hizo dakika. Mimi nilizoea ufahamu wa KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari Kenya. Unasoma kifungu chote kwa utulivu, halafu unajibu kwa maneno yako. Huku nikafanya hivyo hivyo, nikafika kifungu cha tatu zikiwa zimebaki dakika 9.

Na kuna yale maswali ya True, False, Not Given, yaani kweli, si kweli, au kifungu hakikusema. Hayo ndiyo yaliyonimaliza. Nitatoa mfano kwa Kiswahili. Kifungu kinasema: "Wavuvi huuza samaki ufukweni kila alfajiri." Kauli inasema: "Wavuvi huvua usiku." Baba yangu ni mvuvi. Nimelala utotoni nikijua baba yuko baharini na karabai. Kalamu yangu inaandika True yenyewe. Lakini kifungu hakikusema wanavua saa ngapi, kwa hiyo jibu ni Not Given. Ilinibidi nijifunze kuacha ninayoyajua mlangoni, na hilo kwa mtu mzima ni gumu. Mtoto wa miaka 15 hana mengi ya kuyaacha.

Mwaka 2021, Mutahi Kagwe, aliyekuwa waziri wa afya, alipotangaza kuwa kati ya wauguzi 300 wa kwenda Uingereza ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza, watu walitusema sana. Iliniuma. Najua wenzangu wanaosoma maelezo ya dawa saa nane usiku na hawakosei hata tone.

Nilipofaulu, nilifaulu kwa OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya. Sehemu ya kwanza ya kusoma inakupa matini fupi nne kuhusu tatizo moja la kiafya, maswali 20, dakika 15. Moja ni jedwali la vipimo vya dawa, nyingine hatua za matibabu. Unaruka kutoka hii kwenda ile kutafuta unachohitaji. Hiyo ndiyo kazi ya wodini! Kiingereza changu kilikuwa kile kile cha miezi minne nyuma. Kilichobadilika ni kitu nilichopewa kusoma.

Papasi Mstaafu (Unguja)

Mimi niliangushwa na neno moja, "hardly". Nafanya mtihani wa chuo cha utalii, nikiwa na miaka 34, kifungu chenyewe kinahusu hali ya hewa ya kwetu: "It hardly rains in July." Nikaona hard, nikaona rains, nikajibu kwamba Julai mvua ni kali sana. Kumbe "hardly" maana yake ni kwa nadra, yaani Julai mvua hainyeshi sana. Nami mzaliwa wa Unguja, Julai ni kipupwe na kukavu, naona kabisa hii habari si ya kweli, lakini nikasema labda Wazungu wameandika wanavyoona wao. Dada muuguzi alijibu kwa anayoyajua akakosa, mimi nimeyaacha ninayoyajua nikakosa vilevile.

Mtoto wa Uvira

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mkongomani, tuko Kentucky na familia. Nitasimulia ya mama.

Mama hakwenda shule hata siku moja. Tulipofika Marekani alikuwa na miaka 58, akaandikishwa darasa la Kiingereza la watu wazima. Huku madarasa mengi hutumia mtihani unaoitwa CASAS, unafanya mwanzoni, halafu tena baada ya masaa kadhaa ya masomo waone kama umepanda. Maswali yake ni ya kuchagua, na yanahusu maisha: kibandiko cha chupa ya dawa, ratiba ya basi, tangazo la kazi. Kwa hilo nausifu.

Lakini siku ya kwanza walimweka mbele ya kompyuta. Mama hajawahi kushika kipanya. Nilikuwa nimekaa nyuma kwenye benchi, naona mkono wake unatetemeka, mshale unakimbia hadi pembeni ya kioo unapotea, yeye anainua kipanya juu hewani akikitafuta. Jibu analijua, nilimsikia akilisema kwa Kiswahili kwa sauti ndogo: "Mara mbili kwa siku." Akabonyeza jibu lingine. Alama yake ikawa ya chini kabisa, akawekwa na wasiojua herufi, wakati herufi nilikuwa nimeshamfundisha kambini. Alikaa humo miezi mitatu akichora A na B, mpaka mwalimu mmoja akampa karatasi na penseli.

Tena kuna upande mwingine. Kwenye mtihani wa uraia, kusoma kunapimwa hivi: ofisa anakupa sentensi, ukisoma vizuri kwa sauti moja kati ya tatu, umepita. Maneno yanayotumika yako kwenye orodha ambayo kila mtu anaweza kuipata. Mama aliyakariri kama wimbo wa kanisani. Alisoma sentensi ya kwanza tu, ikatosha, tulilia wote kwa furaha. Ila barua ya hospitali ikija bado ananiletea mimi. Sisi tunaotoka kwenye Kiswahili tumezoea kila herufi ina sauti yake, ukishaitamka umemaliza, kwa hiyo tunaweza kusoma Kiingereza kwa sauti nzuri tu na maana isiingie.

Mkufunzi Moro

Mwalimu wa Jioni, nakuheshimu sana kwa kulitoa hili wazi, ila naomba nitofautiane nawe kwenye jambo moja. Yule mzee ni dereva. Habari ya pancha, spea na jeki anaijua kwa miaka thelathini. Akiokota maneno matano kwenye kifungu chako, hadithi nzima anaijenga mwenyewe, na kwa Kiswahili ataisimulia vizuri. Mpe kifungu cha ufugaji nyuki halafu umwambie asimulie. Bila hivyo hujajua kama alisoma Kiingereza au alisoma kazi yake.

Mimi kabla ya kutoa mtihani nawapa maswali watu wawili watatu ambao hawajakiona kifungu. Swali ambalo wanalipata bila kusoma, nalifuta. Huwa nafuta mengi kuliko unavyodhani, mara nyingine manne kati ya kumi.

Nyingine ni kujaza mapengo. Mmarekani Wilson Taylor aliieleza njia hii mwaka 1953: unaacha sentensi ya kwanza nzima, kisha unafuta kila neno la tano hadi mwisho, mwanafunzi anarudishia. Wenzetu Wakenya wanaijua, KCSE ina mapengo 10 kwa alama 10. Hapo kunakili hakusaidii, kwa sababu neno halipo. Ukifuta kila la tano kwa wanaoanza utawavunja moyo, anza na kila la saba au la nane.

Halafu hesabu maneno. Watafiti wa usomaji wanasema ili mtu asome bila msaada anahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100. Yaani neno geni moja kwa kila hamsini. Mpe mzee wako kifungu apige mstari chini ya maneno asiyoyajua. Ukikuta kumi katika mia, usimpime ufahamu kwanza, kifungu ndicho kikubwa kwake.

Mama Riziki

Samahani naingilia kidogo. Mume wangu alisoma jioni kama wanafunzi wako. Alikuwa anapata sifuri kwenye kusoma na anafaulu kuongea, mwalimu akasema ni mvivu wa kusoma. Siku moja nikamwona anaisogeza karatasi mbali mpaka mkono unanyooka. Tukanunua miwani ya kusomea. Mwalimu wangu, mwangalie na huyo fundi cherehani wako, pengine anatunga uzi kwa kupapasa.

Mwalimu wa Jioni (Arusha)

Asanteni sana. Nimekaa siku nne bila kujibu kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza.

Mama Riziki, umesema kweli. Nilichapa kifungu kwa herufi kubwa, fundi akamaliza ukurasa ambao juzi aliuacha katikati. Amesema hakutaka kusema kwa kuwa aliona aibu mbele ya mabinti.

Mkufunzi, nimefuata ushauri wako. Nimetunga kifungu kipya kuhusu mama anayefungua akaunti benki, maana nyuki nilishindwa. Maswali niliyajaribu kwa dada yangu bila kifungu, akapata 3 kati ya 8, nikayafuta hayo matatu. Wanafunzi wakasimulia kwanza kwa Kiswahili, mmoja mmoja, nje kwenye baraza, kisha wakaandika kwa Kiingereza. Yule mzee safari hii kwa Kiswahili alisimulia nusu tu. Umeniona nilipokosea: anaelewa kuliko 4 yake, lakini si kama nilivyomsifia. Neno lililomkwamisha ni "unless", yaani isipokuwa kama. Kifungu kinasema mteja halipi ada "unless" salio limeshuka, yeye akaelewa halipi kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitegemea. Swali linauliza benki inafunguliwa saa ngapi, kifungu kinasema "eight in the morning". Wanne waliandika "two o'clock". Nilitaka kuwakata alama, kisha nikawauliza kwa Kiswahili. Wote wanne: saa mbili asubuhi. Wameelewa sawasawa, wameitafsiri saa kichwani na kuirudisha kwa hesabu ya Kiswahili. Nimewapa alama ya kusoma, nikaandika pembeni kuwa tutarudia saa.

Mlinzi ndiye aliyebaki. Kwa Kiswahili hakusimulia kitu, kwa Kiingereza hakuandika kitu, na macho yake ni mazima. Nimempa karatasi apige mstari kama ulivyosema, Mkufunzi. Katika maneno 120 amepiga mstari 41. Nimemwahidi kifungu chake peke yake, cha maneno 40, kuhusu kitabu cha wageni cha getini, na kesho anakuja nusu saa kabla ya wenzake.