Kaka anaendesha 110 huku anasoma meseji, anasema barabara ni tupu. Nimwambieje?

Binti_wa_Safari
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi. Kila mwisho wa wiki mimi na kaka yangu mkubwa tunaenda kumwona mama kijijini, ni kama kilomita 40 ukishatoka barabara kuu, lami nyembamba ya njia mbili haina hata mstari katikati halafu kipande cha mwisho ni changarawe. Kaka ndo anaendesha. Tukishakata kona tu kuingia njia ya kijijini ni kama amefunguliwa kamba, anakanyaga mafuta mpaka mshale unagusa 110, na simu iko kwenye paja, ikiita anainama anasoma, saa nyingine anajibu kabisa kwa kidole gumba huku usukani umeshikwa na mkono mmoja.

Wiki iliyopita akiwa anasoma tairi za pembeni zikashuka kwenye ukingo wa lami, akashtuka akavuta usukani kwa nguvu, gari ikaruka mpaka upande wa pili wa barabara ikayumba ikarudi. Mungu alisaidia hapakuwa na mtu anakuja. Watoto wangu wawili walikuwa siti ya nyuma, mdogo alilia mpaka tunafika. Kaka akasema "si unaona barabara tupu, kungekuwa na gari nisingeshika simu". Anasema njia hii anaijua kama kiganja chake, ana miaka 15 hajawahi kugonga hata kuku.

Sasa mnisaidie mawili, je ni kweli mimi ndo muoga tu? Na kama sio, mnaongeaje na mtu aliyekuzidi umri, aliyekulea, bila aone unamdharau?

Mzee_wa_Roli
Binti wewe sio muoga. Nimeshika usukani wa lori zaidi ya miaka 20 na nakwambia barabara ya kijijini naiogopa kuliko ya mjini. Mjini utagonga bampa, mtagombana, maisha yanaendelea. Huko vijijini spidi ni kubwa, hakuna ukuta wa kutenganisha gari zinazokutana, miti na mitaro iko hatua mbili tu kutoka kwenye lami, na ukianguka anayekuja kukutoa anatoka mbali. Marekani kwa mfano wanaoishi vijijini ni kama mtu mmoja kati ya watano lakini vifo vya barabarani huko vijijini ni karibu asilimia 40 ya vyote, na hizo ndo barabara tupu zenyewe anazosema kaka yako.

Hilo neno tupu ndo linaua. Barabara ni tupu mpaka sekunde ile ambayo sio tupu. Ng'ombe hapigi honi kabla ya kuvuka, mtoto anayekimbiza mpira hapigi honi, mzee anayesukuma baiskeli yenye mzigo hana taa ya nyuma. Kwenye 90 gari inakula mita 25 kila sekunde, ukisoma meseji kwa sekunde tano umeshakwenda mita 125, uwanja mzima wa mpira na ziada umeupita macho yako yako kwenye paja. Kwenye 110 ya kaka yako ni zaidi ya mita 150.

Kama unataka kumwonyesha bila kumhubiria fanya hivi, wewe abiria sio yeye. Mkiwa kwenye kipande kimenyooka angalia kitu cha mbele, mti au jiwe, fumba macho hesabu mpaka tano taratibu, ukifumbua geuka ukitafute kile kitu. Utakikuta nyuma. Mwache akuulize unafanya nini.

Kona_Kali
Mimi nitapingana kidogo na mzee hapo juu. Simu nakubali ni upuuzi. Ila spidi jamani tusiisingizie, 110 kwa gari yenye tairi nzima na breki nzima na dereva yuko makini sio kitu, wanaosababisha ajali vijijini ni wale wa 40 wanaotembea katikati ya barabara na matrekta yasiyo na taa. Kaka aache simu basi, spidi aachiwe.

Mzee_wa_Roli
@Kona_Kali umetaja trekta mwenyewe, tulipigie hesabu. Trekta linatembea 20, wewe unakuja 110 nyuma yake, tofauti ni 90, yaani unalifuata kwa mita 25 kila sekunde. Umelibukia baada ya kona liko mita 100 mbele. Una sekunde nne. Sekunde moja na kidogo inaisha akili ikiwa bado inajiuliza hiki ni nini, halafu ndo mguu uende kwenye breki. Na breki haiongezeki sawa na spidi, spidi ikiwa mara mbili umbali wa breki unakuwa mara nne, hapo ni lami kavu, kwenye mvua au changarawe usiniulize. Unaamua kumkwepa unahama upande wa pili na huko anakuja mwenzako naye 90, mnakaribiana kwa zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Hapo umakini wako utafanya nini?

Na faida yake ni ipi? Kilomita 40 kwa 80 ni nusu saa. Kwa 110 mfululizo bila hata kupunguza kwenye kona, ambayo haiwezekani, ni dakika kama 22. Dakika nane.

Kona_Kali
Hesabu ya trekta sikuwahi kuipiga hivyo. Sawa mkuu.

Asiyeona
Nimesoma huu uzi mara mbili nikasita kuandika ila naandika. Dada, mimi nilimgonga mtu. Sikuwa nasoma meseji. Simu ilikuwa kwenye kishikizo pale dashibodi, naongea kwa spika, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele, niko 95 saa kumi jioni jua bado lipo barabara imenyooka. Tulikuwa tunabishana na ndugu yangu mambo ya shamba la urithi. Mwenye baiskeli alikuwa mbele yangu muda mrefu tu, walionyuma yangu wote walimwona. Mimi nilikuwa nimemtazama na sikumwona. Sijui niieleze vipi zaidi ya hapo. Trafiki walipokuja kupima walitafuta alama za breki kwenye lami hawakukuta hata moja, kwa sababu sikukanyaga breki, nilisikia kishindo kwanza.

Hakufa. Mguu mmoja hautembei sawa tena na alikuwa fundi seremala wa kusimama kutwa. Tulikaa naye pale chini zaidi ya saa nzima tukisubiri gari ya kumpeleka hospitali, mtandao wa simu unakuja unapotea, yaani ile simu iliyokuwa na mtandao wa kubishania shamba ikakosa mtandao wa kuita msaada. Nilikuwa nimempakata kichwa ananiambia usinitikise. Naenda kumwona mpaka leo, mke wake hajawahi kuniongelesha na namwelewa.

Kwa hiyo usimalize kwenye meseji tu. Akikwambia "basi nitaongea kwa spika" mwambie hapana. Shirika la Afya Duniani wanasema anayetumia simu akiendesha uwezekano wake wa kupata ajali ni kama mara nne ya asiyetumia, na kuongea bila kushika hakupunguzi sana kwa sababu kilichotekwa ni akili, sio mkono. Wewe uliyekaa naye ukiongea ukaona hatari unanyamaza au unapiga kelele, aliyeko kwenye simu haoni kitu, anaendelea tu kukudai majibu.

Fundi_Springi
Pole sana @Asiyeona, Mungu akutie nguvu wewe na huyo ndugu.

Mimi nataka kugusia lile la tairi kushuka maana hapo ndo mlikuwa mnakufa na watu wengi hawalijui. Lami ya kijijini ukingo wake mara nyingi umeliwa, kuna ngazi kati ya lami na udongo. Tairi likishuka mtu anashtuka anavuta usukani, tairi linagoma kwenye ile ngazi, anaongeza nguvu, ghafla linapanda likiwa limeshageuzwa kuelekea katikati, gari inarushwa upande wa pili. Kama hukukutana na mtu uso kwa uso basi unarudisha usukani kwa nguvu ile ile na ndo gari inabiringika. Mwambie kaka likimtokea tena asivute. Ashike usukani kwa mikono miwili gari iende moja kwa moja hivyo hivyo imelalia udongo, aachie mafuta, asikite breki ghafla, spidi ishuke kwanza kabisa halafu ndo apande lami taratibu huku ameangalia kama upande wa pili ni salama. Kwa mkono mmoja na simu kwenye mwingine hiyo haiwezekani.

Na kwenye changarawe ni hivyo hivyo, zile kokoto zinazunguka chini ya tairi kama gololi, breki unazikuta hazipo. Ukipishana na gari subiri vumbi likae, usiendelee kwa mazoea kwamba najua mbele hakuna kitu. Mtu akitoka kwenye 110 kuja 60 anaona kama amesimama, jicho limeshazoea, kwa hiyo aangalie mshale asiulize mwili wake. Watoto mikanda, nyuma pia. Hapa sibembelezi, aliyefungwa vizuri na asiyefungwa gari ikibiringika hawawi kundi moja.

Mama_Pacha
Kuhusu namna ya kuongea na mkubwa, mimi kwa uzoefu wangu usimwambie akiwa anaendesha, atajiona anaaibishwa mbele ya watoto na ataongeza spidi. Mwambie mkiwa mmekaa, anza na kushukuru, kaka unatubeba kila wiki asante, halafu sema unachoogopa kwa jina la mtoto, sio kwa jina la sheria. Na usimwombe aache simu hivi hivi, mpe njia. Mwambie nipe mimi simu nitakusomea, kama ni ya haraka tunasimama pembeni. Mtu anayezoea kupokea kila simu anaogopa kukosa jambo, ukimwondolea hiyo hofu nusu ya kazi imeisha. Ikishindikana mama yenu yupo, na anamsikiliza. Nayo ikishindikana usipande na watoto, hata akinuna.

Binti_wa_Safari
Asanteni sana wote, na @Asiyeona nimesoma nimelia, nakuombea. Narudisha majibu ya wiki hii.

Nilifanya lile la mzee. Tulikuwa kwenye kipande kimenyooka nikachagua kichuguu kikubwa kilichokuwa mbali mbele, nikafumba macho nikahesabu kwa sauti bila kujua kama natoa sauti. Kaka akauliza unahesabu nini. Nikafumbua, kichuguu kipo nyuma yetu tena kwa mbali, na mbele wamama wawili wana kuni kichwani, wakati nafumba sikuwa nimewaona kabisa. Nikamwambia ukweli kwamba huo ndo muda unaosoma meseji moja. Hakujibu kitu. Tulienda kama dakika tano kimya, halafu akatoa simu kwenye paja akanipa bila kuniangalia.

Iliita mara tatu mpaka tunafika. Mbili zilikuwa salamu za kundi la ukoo, moja mtu amekosea namba. Nilimsomea zote akacheka kidogo. Kurudi jioni alinipa mwenyewe kabla hajawasha gari.

Spidi bado. Alishuka mpaka 95, kwenye changarawe akaenda 50 ila nilimkumbusha. Nimemwambia habari ya kuachia mafuta tairi likishuka akaniuliza nani kakufundisha, nikamwambia watu wenye uzoefu. Mama nimemwambia kuhusu mikanda ya watoto, yeye ndo ataongea naye Jumamosi kuhusu hiyo spidi. Nitawaambia ilivyokwenda.