Gitaa kavu: vidole viwili, vinne au piki?

NyuziSita: Wakuu, nimepiga ridhimu ya gitaa kavu (lisilo la umeme) kwa piki, kile kijipande cha kupigia nyuzi, kwenye kwaya yetu miaka minne. Sasa nataka kupiga peke yangu, besi na sauti ya wimbo vitoke pamoja. Mmoja ananiambia nianze na vidole viwili, mwingine vinne kama wa klasiki. Nyie mnapigaje?

Mzee wa Kavu: Viwili, kijana wangu: gumba na shahada. Tafuta "Masanga" ya mpiga gitaa wa Kongo Mwenda Jean Bosco, iliyorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Utaapa wako watu wawili. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, shahada inaimba kwenye nyembamba. Hakuna cha tatu.

Omwana wa Vihiga: Mzee kasema. Huku kwetu omutibo, mtindo wa gitaa wa George Mukabi, ni vidole hivyo hivyo viwili, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta. Raha tupu.

Dada Arpejo: Shikamoo Mzee. Naheshimu viwili, lakini tusimdanganye mwenzetu. Kwenye vinne kila kidole kina nyumba yake: gumba uzi wa 6 (mnene kabisa), wa 5 na wa 4, shahada wa 3, cha kati wa 2, cha pete wa 1. Ukitaka kuvunja kodi, yaani noti zinazolia pamoja, ziwe noti moja moja, polepole na kwa usawa, vidole havirukiani. Kwa viwili, shahada inakimbia huku na huku kama kondakta wa daladala. Ubaya wake ni kidole cha pete. Ni kivivu! Mimi kilinichukua karibu mwaka.

Mzee wa Kavu: Marahaba. Huko kukimbia ndiko kunakoleta mdundo, binti yangu.

Besi Nzito: Piki msiitupe. Kwenye ridhimu ya bendi inakata vizuri, na kucha zako zinapona.

Dada Arpejo: Sawa, ila tusiseme vidole ni vya gitaa kavu tu. Wes Montgomery alipiga jazi kwenye gitaa la umeme kwa gumba. Na wewe mtu wa besi unajua James Jamerson, mpiga besi wa Motown, ile lebo ya muziki ya Marekani, alitumia shahada peke yake.

Besi Nzito: Hapo umenipata 😂

NyuziSita: Nimejaribu viwili jana usiku. Gumba linakwenda safi mpaka shahada ianze, hapo linaiga na kusimama nayo.

Mzee wa Kavu: Wote tulipita hapo. Shika kodi ya C, piga gumba tupu uzi wa 5 na wa 4 kwa zamu, hadi uweze kuongea na mtu bila kupotea. Halafu weka noti moja tu ya shahada, sambamba na gumba. Ikikaa, isogeze iingie katikati ya mapigo mawili ya gumba. Na kiganja kiguse nyuzi nene kidogo karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa, besi isivume ikameza wimbo.

NyuziSita: Kuongea na mtu? Mke wangu keshaniambia nikapigie nje.