Antena ya nje badala ya TV ya kebo: picha inaganda mvua ikinyesha

Swali: Wakuu, TV ina DVB-T2 (kipokezi cha dijitali cha antena), antena ya UHF iko juu ya bati, waya wa ohm 75. Mvua ikinyesha picha inaganda. Niongeze busta (kikuza mawimbi)?

Jibu 1: Busta subiri kwanza, hukuza hadi kelele. Fungua kiunganishi cha waya wa antena: uzi mmoja wa wavu (nyuzi za chuma zinazozunguka waya kwa ndani) ukigusa shaba ya kati, mawimbi yanakwisha. Menya upya, shaba itokeze milimita 3 hivi. Shaba ikiwa ya kijani, maji yameingia. Kata kipande hicho. Funga tepu ya mpira, kisha waya uning'inie kitanzi kabla ya kuingia ndani, maji yadondokee hapo.

Jibu 2: Pandisha antena mita 1 juu ya bati. Zungusha polepole ukisoma ubora wa mawimbi kwenye menyu ya TV, siyo nguvu yake.

Jibu 3: Mlingoti wa chuma uwekewe athi (waya wa kupeleka umeme ardhini), tafadhali. Radi haichagui.