MREJESHO: ile lose na loose, nimeelewa sasa

Wakuu nimerudi. Si niliwauliza juzi kati kwa nini mteja wangu wa Nairobi alinicheka nilipomwandikia "we don't want to loose you", mi nauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na Kiingereza changu cha kuungaunga. Aliyesema nisikilize mwisho wa neno abarikiwe, lose inaishia na sauti ya z ndo kupoteza, loose inaishia na s ndo kulegea kama suruali bila mkanda, kumbe nilimwambia jamaa hatutaki kumlegeza 😂😂 Nimeiandika kwa makapeni pale juu ya mzani. Ila choose nayo ina o mbili na inaishia na z, sasa spelingi hizi nani alizipanga jamani?

Na ile fishes niliyoandika nikimaanisha samaki wengi mkanishambulia, nimemuuliza mpwa wangu yuko fomu foo: samaki wengi ni fish tu, ila fishes ipo ukiongelea aina tofauti, yaani sato, sangara, kamongo. Kwa hiyo nilikosea nusu tu bwana.

Mteja kaagiza magunia mawili, labda kanionea huruma.