Mjadala: Duka la ushirika liuze anachotaka mnunuzi, au anachopaswa kula?

MTOA MADA: Naleta ugomvi wa Minneapolis, Marekani, wa mwaka 1975, kwa kuwa ni nadra kusikia watu wameshikiana vyuma kwa sababu ya maharage. Ushirika wa vyakula wa mji ule ulianzia kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba mwaka 1970, na baada ya miaka michache maduka yake yalikuwa yameenea mitaani, yakichukua bidhaa kutoka ghala moja lililoitwa People's Warehouse. Yaliuza nafaka zisizokobolewa, dengu na maharage ya kuchota kwenye mapipa, ilhali sukari nyeupe na vyakula vya makopo vilitazamwa kama haramu. Kundi la Wamarksi lililojiita Co-op Organization likahoji jambo ambalo hadi leo naliona la haki, nami nalisema kwa maneno yangu: mama anayetoka kiwandani jioni, watoto wanamngoja, ataloweka maharage saa ngapi? Mwezi Mei 1975 wakaliteka ghala kwa nguvu, mabomba ya chuma mikononi, na maduka mengi yakajitenga na kuanzisha ghala jingine. Msimamo wangu ni kwamba walikosea njia, lakini hoja yao ilikuwa sahihi. Maduka ya Seward (1972) na Wedge (1974) yako hai mpaka leo, ila ukiingia humo utaona ni nani hasa anayemudu kulijaza kapu.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Ndugu mtoa mada, hoja yako ingesimama kama kuuza makopo kungekuwa kinga ya duka lisifungwe. Ushirika wa Berkeley, California, uliuza karibu kila kitu, nyama na makopo yakiwamo, ukafikisha wanachama zaidi ya 100,000, na bado ulifunga milango mwaka 1988. Hata wahamiaji wa Kifini waliounda ushirika wao wa kuuza kwa jumla huko Superior, Wisconsin, mwaka 1917, hawakugombana kuhusu chakula walipogawanyika mwaka 1929. Waligombana kuhusu kama Chama cha Kikomunisti kina haki ya kuchota kwenye kasha la fedha za wanachama. Wengi walikataa, na maduka yakaendelea kuuza kahawa na unga kama kawaida. Kwa hiyo naona swali la Minneapolis nalo lilikuwa lile lile la nani ashike ufunguo wa ghala, na maharage yalikuwa kisingizio tu.

MCHANGIAJI WA PILI: Naomba tusiwaache watu wa Greensboro, North Carolina. Duka la Winn-Dixie lilipoondoka mwaka 1998, mitaa ya kaskazini-mashariki mwa mji, ambayo wakazi wake wengi ni Wamarekani Weusi, ilikaa miaka 18 bila duka kubwa la vyakula, hadi wakazi walipochangishana hisa na kufungua Renaissance Community Co-op mwaka 2016. Hawakumhubiria mtu kuhusu lishe. Waliuza bidhaa za kawaida ambazo majirani zao walizoea. Januari 2019 duka likafungwa, kwa kuwa mauzo hayakufikia kiwango cha kuliendesha. Sababu mojawapo ni hesabu ya bei ya jumla: kopo la nyanya ni lile lile popote, na anayenunua kwa ajili ya maduka mia tano hulipata kwa bei ambayo mwenye duka moja hawezi kuiota. Dengu za pipani angalau humwachia faida. Kumbe kile ambacho maskini anakihitaji ndicho hasa ambacho ushirika mdogo unashindwa kukiuza kwa bei nafuu.

MTOA MADA: Nakubali kuhusu kopo, na nakiri sikulifikiria hivyo. Hata hivyo mapipa nayo yana mlango wake mwembamba. Nimefanya zamu katika duka moja la aina hiyo: mnunuzi huja na chupa yake, karani huipima ikiwa tupu, huandika uzito kwenye kipande cha utepe, ndipo mtu achote. Siku moja mama mwenye watoto wawili aliutazama utaratibu huo, akairudisha chupa mfukoni, akatoka.

MCHANGIAJI WA PILI: Basi ipo njia ya ushirika wa Park Slope, Brooklyn, New York, ulioanza mwaka 1973. Kule bei hushushwa kwa sababu kazi nyingi hufanywa na wanachama wenyewe, ambao ni zaidi ya 15,000: wanapanga rafu, wanakata jibini, wanafunga tende kwenye mifuko. Kwa miaka mingi zamu ilikuwa saa mbili na dakika 45 kila baada ya wiki nne.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Na kila mtu mzima katika nyumba anadaiwa zamu yake, ndugu yangu. Yule mama wa kiwandani aliyekosa muda wa kuloweka maharage, hizo saa mbili na dakika 45 atazitoa wapi?